Serikali za kwanza za Kenya huru na swali la mashamba ya Kedowa

KEDOWA ni kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu ya kutoka Mau Summit kuelekea Kericho, katika eneo ambalo reli ya Kisumu huanza kuteremka kutoka Londiani kuelekea Kipkelion. Wasafiri wengi hukipita kwa haraka wakielekea kwenye mashamba ya majanichai yanayoenea hadi Bomet. Hata hivyo, ugomvi uliowagawanya viongozi waliounda serikali za mwanzo za Kenya huru ulihusu hasa mahali kama hapa.

Kabla ya uhuru, Londiani, Kedowa na Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, zilikuwa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu. Mwafrika aliishi humo kama kibarua au skwota. Mpaka wa hifadhi ya Wakipsigis ulikuwa upande wa pili, na kati ya hifadhi hiyo na walowezi yalisimama mashamba makubwa ya majanichai yaliyoanza kupandwa na makampuni ya Uingereza katika miaka ya 1920. Ilipobainika kwamba Waingereza wangeondoka, swali likawa moja: shamba la Mzungu lingekuwa la nani akishafunga virago?

Majibu yalikuwa mawili. Wapo waliosema kwamba ardhi hiyo ni mali ya Wakenya wote na kwamba serikali kuu ndiyo itakayoigawa. Wengine walishikilia kwamba irudi kwa jamii zilizonyang'anywa, chini ya mamlaka ya jimbo lao. Vyama viwili vilizaliwa vikiwa vimebeba majibu hayo, ingawa havikuyatamka kwa uwazi huo kila mara.

Kanu iliundwa mapema mwaka wa 1960, baada ya mkutano wa kwanza wa katiba katika jumba la Lancaster, London. Nguvu yake ilikuwa miongoni mwa Wakikuyu na Wajaluo, jamii mbili kubwa. Mnamo Juni 25, 1960, viongozi wa jamii ndogo walikutana Ngong na kuunda Kadu, wakiunganisha vyama kadha vya kimaeneo. Miongoni mwavyo ulikuwa Muungano wa Kisiasa wa Wakalenjin, ambao kiongozi wake alikuwa Taaitta arap Toweett wa Kericho. Ronald Ngala wa Pwani akawa kiongozi wa Kadu, Masinde Muliro naibu wake, naye Daniel arap Moi wa Baringo akawa mwenyekiti.

Toweett anastahili kutajwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa historia ya kitaifa imezoea kumpita. Alizaliwa mwaka wa 1925, akasomea Makerere na baadaye Uingereza, na akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1958, viti vya Waafrika vilipoongezwa. Alikuwa msomi wa lugha aliyependa ubishi wa hoja, na wakati wa mashauriano ya katiba alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa majimbo.

Serikali kabla ya uhuru

Wengi hudhani kwamba serikali ya kwanza iliyoongozwa na wanasiasa Waafrika ilikuwa ya Kanu. Sivyo. Katika uchaguzi wa Februari 1961, Kanu ilipata viti 19 na Kadu 11. Kanu ilikataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe kutoka kizuizini. Gavana Sir Patrick Renison hakukubali, na mwezi wa Aprili Kadu ikaingia serikalini kwa kushirikiana na chama cha Michael Blundell, mlowezi aliyekuwa na msimamo wa wastani. Walioshindwa katika uchaguzi ndio waliokalia viti vya mawaziri. Toweett akapewa Wizara ya Leba na Nyumba, na kabla ya mwaka kuisha Moi akawa Waziri wa Elimu.

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Mkutano wa pili wa Lancaster, ulioanza Februari 1962, ulimalizika kwa vyama vyote viwili kukubali serikali ya mseto. Ngala na Kenyatta waliketi katika baraza moja wakiwa mawaziri wa masuala ya katiba, kila mmoja akimvutia mwenzake kamba upande wake. Katika mseto huo Toweett alihamia Wizara ya Ardhi, Upimaji na Mipango ya Miji. Kwa mtu wa Kericho, cheo hicho kilikuwa na uzito. Lakini kazi ya kuwahamishia Waafrika kwenye mashamba ya walowezi ilikuwa chini ya wizara nyingine, ile ya Makao ya Ardhi na Maji, iliyoshikiliwa na Bruce McKenzie, mlowezi aliyejiunga na Kanu. Toweett alikuwa na ramani, McKenzie akawa na fedha za kununulia mashamba.

Wakati huohuo tume iliyotumwa kuchora mipaka ya majimbo iliihamisha Kericho. Tangu zamani wilaya hiyo ilikuwa katika Mkoa wa Nyanza. Sasa ikatiwa katika Jimbo la Bonde la Ufa, pamoja na Wakalenjin wengine na Wamaasai. Uamuzi huo, uliofanywa kwa kalamu na ramani, ndio uliouweka mustakabali wa kisiasa wa Wakipsigis pamoja na wa Moi badala ya wa Oginga Odinga.

Baraza la Juni 1963

Kanu ilishinda kwa wingi mkubwa uchaguzi wa Mei 1963. Juni 1, Siku ya Madaraka, Kenyatta akawa Waziri Mkuu na kutaja baraza lake. Odinga alipewa Mambo ya Ndani, Tom Mboya Haki na Masuala ya Katiba, James Gichuru Fedha na Joseph Otiende Elimu. Achieng' Oneko alipata Habari, Njoroge Mungai Afya, Julius Kiano Biashara, na Jackson Angaine wa Meru akapewa Ardhi na Makao. McKenzie alihamishiwa Kilimo. Humo hamkuwa na Mkalenjin hata mmoja.

Hilo halikushangaza, kwa kuwa kura za Wakalenjin zilikuwa zimeiendea Kadu. Mfumo wa majimbo ulikuwa umebuniwa kwa ajili ya hali kama hiyo hasa: jamii ikikosa waziri Nairobi, iwe na serikali yake karibu. Nchi iligawanywa katika majimbo saba pamoja na Nairobi. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake na rais wa bunge hilo. La Bonde la Ufa lilikuwa na makao yake Nakuru, na rais wake alikuwa Moi. Majimbo yaliahidiwa mamlaka juu ya shule za msingi, afya, serikali za wilaya na sehemu ya polisi. Bunge la taifa nalo lilikuwa na vyumba viwili, na katika Seneti kila wilaya, Kericho ikiwemo, ilikuwa na kiti chake.

Kuhusu mashamba ya walowezi, katiba iliweka Bodi Kuu ya Ardhi, yenye wajumbe wa majimbo na mwenyekiti kutoka nje, Sir Richard Turnbull, aliyekuwa gavana wa mwisho wa Tanganyika. Kwa wafuasi wa Kadu, bodi hiyo ilikuwa kinga kwamba Nairobi haingeamua peke yake nani atapewa shamba Londiani na nani atanyimwa.

Kenyatta hakuyapenda majimbo, na hakuficha. Uhuru ulipofika Desemba 12, 1963, serikali yake iliyachukulia kama deni alilotiwa sahihi akiwa amefungwa mikono. Majimbo yalicheleweshewa fedha, na maafisa wa utawala waliendelea kusikiliza amri za Nairobi. Ni vigumu kusema mfumo huo ulishindwa, kwani haukupewa nafasi ya kujaribiwa.

Hata hivyo, Kenyatta alikuwa amewatuliza walowezi. Agosti 12, 1963 alikutana nao Nakuru na kuwaomba wasiondoke, akiahidi kwamba yaliyopita yangesamehewa. Wengi wa wasikilizaji wake walikuwa wakulima wa Bonde la Ufa. Waliotaka kuondoka wangelipwa kwa kila shamba, muuzaji akiwa radhi na mnunuzi akiwa radhi.

Deni la ardhi

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Fedha za kununulia mashamba zilitoka Uingereza, sehemu zikiwa msaada na sehemu mkopo, na nyingine zikatoka Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola. Mpango mkubwa kuliko yote, ulioanza mwaka wa 1962, ulilenga ekari milioni moja. Mkulima aliyepewa kipande alikuwa mdeni tangu siku ya kwanza: alitakiwa kulipa mkopo wa ardhi kwa miaka 30, pamoja na riba ya asilimia 6.5. Alinunua kwa mkopo ardhi ambayo babu yake alifukuzwa bila fidia.

Kenya haikuwa ya kwanza kufika njia panda hiyo. Wakulima wa Ireland walikuwa wamenunua mashamba ya makabaila wao kwa mikopo ya serikali ya Uingereza, na nchi hiyo ilipojitawala mwaka wa 1922 iliendelea kuwatoza wakulima malipo ya kila mwaka na kuyapeleka London. Serikali ya kwanza, ya W.T. Cosgrave, ililipa bila kusita. Mwaka wa 1932 Cosgrave alishindwa katika uchaguzi, akamkabidhi Éamon de Valera madaraka kwa amani, ingawa miaka 10 tu ilikuwa imepita tangu wafuasi wa wawili hao wapigane vita vya wenyewe kwa wenyewe. De Valera alikataa kupeleka fedha hizo. Uingereza ikaziwekea ushuru mzito bidhaa za Ireland, hasa ng'ombe, na mgogoro huo ukadumu hadi 1938, Ireland ilipokubali kutoa pauni milioni 10 mara moja na deni likafutwa.

Waziri wa Uingereza aliyebeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya 1938 alikuwa Malcolm MacDonald. Ndiye huyohuyo aliyeletwa Kenya mwaka wa 1963 akiwa gavana, akawa Gavana Mkuu baada ya uhuru, na akang'atuka nchi ilipokuwa jamhuri. Aliijua barabara hadithi ya taifa changa linalolipia ardhi yake.

Kenya ilifuata njia ya Cosgrave. Aliyetaka ile ya de Valera alikuwa Bildad Kaggia, mbunge wa Kandara na waziri msaidizi wa elimu, aliyedai kwamba wasio na ardhi wapewe bure. Alifutwa kazi Juni 1964. Tofauti kubwa ni kwamba Ireland ilikuwa na upinzani ulioweza kuibadilisha sera kwa kura. Kenya ilikuwa karibu kuupoteza wake.

Kadu yavuka sakafu

Katikati ya mwaka wa 1964 Kenyatta alitangaza kwamba nchi ingekuwa jamhuri yenye rais mwenye mamlaka. Kuyaondoa majimbo kulihitaji wingi wa kura ambao Kanu haikuwa nao katika Seneti. Akatishia kwenda kwa wananchi kwa kura ya maamuzi. Wakati huohuo wabunge wa Kadu walikuwa wakivutwa mmoja mmoja, kwa ahadi na kwa hofu ya kubaki nje. Novemba 10, 1964, Ngala alisimama Bungeni na kutangaza kwamba Kadu imevunjwa na wanachama wake wanajiunga na serikali.

Jamhuri ilitangazwa Desemba 12. Kenyatta akawa Rais, Odinga Makamu wa Rais, na Moi akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkalenjin alikuwa ameingia katika baraza la mawaziri, na kwa wizara nzito. Lakini bei ilikuwa jimbo. Mabunge ya majimbo yaligeuzwa kuwa mabaraza ya mikoa yasiyo na meno, Bodi Kuu ya Ardhi haikudumu, na kufikia mwaka wa 1968 mabaki ya mwisho ya mfumo huo yalikuwa yamefutwa katika katiba. Seneti nayo iliunganishwa na Bunge la Wawakilishi kwa sheria ya 1966.

Wapigakura wa Kericho walioichagua Kadu mwaka wa 1963 ili ilinde majimbo hawakuulizwa tena. Linganisha na yaliyomkuta Odinga. Baada ya mkutano wa Kanu wa Limuru, Machi 1966, ambapo cheo chake cha naibu wa chama kiligawanywa kwa watu wanane, alijiuzulu mwezi wa Aprili na kuongoza chama kipya cha KPU. Mara serikali ikapitisha sheria ya kumlazimu mbunge anayehama chama kurudi kwa wapigakura. Uchaguzi Mdogo wa Juni 1966 ulihusisha viti 29, na KPU ikapata tisa tu. Waliohama mwaka wa 1964 kuelekea serikalini walipongezwa. Waliohama 1966 kutoka serikalini walipelekwa debeni.

Joseph Murumbi alimrithi Odinga Mei 1966 lakini hakumaliza mwaka. Januari 1967 Moi akawa Makamu wa Rais. KPU ilipigwa marufuku Oktoba 1969, miezi michache baada ya kuuawa kwa Mboya, na Kenya ikabaki na chama kimoja.

Mashamba yaliuzwa

Ni katika miaka hiyo ambapo mashamba ya Londiani, Kedowa na Kipkelion yalibadilisha mikono. Baadhi yalinunuliwa na miradi ya serikali, mengine na vyama vya ushirika, makampuni ya kununua ardhi na watu binafsi. Wakipsigis walinunua, na Wakikuyu na Wakisii vilevile, baadhi yao wakiwa watoto wa maskwota waliozaliwa kwenye mashamba hayohayo. Kisheria hakuna aliyekosea: kila mmoja alilipia kipande chake. Lakini wale walioamini kwamba jimbo lingewarudishia ardhi ya mababu waliona wageni wakipewa hatimiliki, huku viongozi wao wakiwa serikalini na midomo imefungwa.

Aliyethubutu kusema alikuwa Jean-Marie Seroney, mbunge wa Nandi. Mwaka wa 1969 alitoa Azimio la Nandi Hills, akidai ardhi yote ya Wanandi, mashamba ya majanichai yakiwemo. Alishtakiwa kwa uchochezi na kutozwa faini. Oktoba 1975, akiwa Naibu Spika, alikamatwa katika majengo ya Bunge pamoja na Martin Shikuku na kutiwa kizuizini.

Toweett alichagua njia tofauti. Alirudi Bungeni mwaka wa 1969 kupitia Buret, akafanywa Waziri wa Elimu, baadaye Nyumba na Huduma za Jamii, kisha Elimu tena. Mwaka wa 1977, akiwa waziri, alihitimu shahada ya uzamifu ya isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipoteza kiti chake mwaka wa 1979 na kufariki Oktoba 2007. Hadi mwisho hakuona haya kusema kwamba majimbo yalikuwa wazo zuri lililozikwa mapema.

Serikali hizo za mwanzo haziwezi kusemwa ziliwasahau wakulima wa Kericho kabisa. Mwaka wa 1964 liliundwa Shirika la Ustawi wa Majanichai, KTDA, na zao ambalo Mwafrika alikuwa amezuiwa kulipanda likaingia katika vishamba vya ekari moja au mbili huko Litein, Kapkatet na kwingineko. Hilo liliwatajirisha wengi kuliko hotuba yoyote ya majimbo. Lakini mashamba makubwa hayakuguswa. Madai ya Wakipsigis na ukoo wa Talai, uliofukuziwa Gwassi kwa sheria ya 1934, yaliendelea kutupwa huku na huku hadi mwaka wa 2022, walipoishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Neno majimbo lilirejea kwa sura mbaya. Septemba 1991, vyama vingi vilipokuwa vikidaiwa, wanasiasa wa Kanu waliokutana Kapsabet na kisha Kapkatet walilifufua kuwa tishio dhidi ya waliohamia Bonde la Ufa. Mapigano yalianza mwezi uliofuata na kusambaa hadi Kipkelion na Londiani mwaka wa 1992. Familia zilichomewa nyumba kwenye vipande ambavyo wazee wao walivilipia kwa miaka mingi. Yalijirudia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007.

Katiba ya 2010 ilirudisha ngazi ya pili ya serikali, safari hii kwa kaunti 47. Bomet, iliyotengwa na Kericho mwaka wa 1992, ikawa kaunti yake yenyewe, na Seneti ikafufuliwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kedowa sasa imo katika wadi ya Kedowa/Kimugul, eneobunge la Kipkelion Mashariki, na mwakilishi wake huketi katika bunge la kaunti mjini Kericho. Huko hujadili zahanati, barabara za mashambani na shule za chekechea. Hatimiliki ya shamba la Kedowa, hata hivyo, bado hutolewa na wizara ya serikali ya kitaifa.